Ufunguo wa Nyumba Anao Nani?

*Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya mafundi wa tovuti, makatibu wa vikundi, walimu na wenye nyumba za wageni. Wengi waliokwamishwa na mvua wameomba niiweke yote. Hii hapa kama nilivyoisema, bila zile picha za ukutani.*

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Mama Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha, na asante kwa chai.

Nimeambiwa nije nizungumzie namna ya kuchagua mfumo wa kuendeshea tovuti, na zana za kuisanifu. Najua wengi mmekuja na swali moja kichwani: nitumie kipi? WordPress? Joomla? Drupal? Wix? Au niandike mwenyewe kwa mkono? Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi hii, na swali hilo sijawahi kupumzishwa nalo. Lakini leo naomba mniruhusu nilitangulize swali jingine. Tovuti ikishakabidhiwa, fundi akishalipwa akaenda zake, ufunguo anao nani?

Nitalirudia mpaka mlichoke. Ufunguo anao nani?

Tuanze na neno letu wenyewe. Wangapi humu ndani wanajua jina la Joomla limetoka wapi? Naona mikono miwili. Ndugu zangu, Joomla ni Kiswahili. Ni *jumla*, hiyo hiyo ya duka la jumla, hiyo hiyo ya "jumla yake shilingi ngapi". Waliliandika kwa herufi za Kiingereza ili wazungumzaji wa Kiingereza walitamke vizuri, wakalichagua kwa maana yake: wote kwa pamoja. Na walikuwa na sababu ya kutaka jina lenye maana hiyo.

Kabla ya Joomla kulikuwa na mfumo ulioitwa Mambo. Jina la Mambo lilikuwa mali ya kampuni ya Australia, Miro, lakini walioandika programu walikuwa watu wa nchi mbalimbali, wengi wakijitolea usiku baada ya kazi zao. Agosti 2005 ikaundwa taasisi ya kuusimamia mradi, na waandishi wakaona kwamba ndani ya taasisi hiyo sauti yao haitasikika. Tarehe 17 mwezi huo wakatangaza kwamba wanaondoka.

Sasa nisikilizeni hapa. Waliondoka na nini?

Waliondoka na programu yote. Kila mstari waliouandika walitoka nao mlangoni, mchana kweupe, na hapakuwa na wa kuwazuia. Jina tu ndilo walilolazimika kuliacha. Waliweza kwa sababu Mambo ilikuwa imetolewa kwa leseni ya GPL, leseni inayompa kila mtu haki ya kuchukua programu, kuibadilisha na kuiendeleza, ili mradi na yeye awape wenzake haki ileile. Mwezi uliofuata, Septemba 2005, Joomla ya kwanza ikatoka.

WordPress nayo ina historia inayofanana. Mfaransa Michel Valdrighi alikuwa na programu ndogo iitwayo b2, kisha akaacha kuiendeleza. Watumiaji wakabaki yatima. Kijana wa miaka 19 kutoka Texas, Matt Mullenweg, akishirikiana na Mike Little wa Uingereza, wakaichukua, na tarehe 27 Mei 2003 wakaitoa kwa jina la WordPress. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa na mfumo uliokuwa umeachwa njiani. Wangeiokoaje kama sheria ingewakataza kuigusa? Wasingeiokoa.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya ufunguo. Siku mwenye zana akibadilika, akifilisika, akipandisha bei au akichoka, wewe unaweza kutoka na vitu vyako?

Wenzetu waliojenga kurasa zao GeoCities, mtandao wa kujengea kurasa za watu binafsi, hawakuweza kwa wepesi. Pale kila mtu alipewa kiwanja bure. Yahoo wakapanunua mwaka 1999, na mwaka 2009 wakapafunga. Miaka ya kazi ya watu, picha za watoto, mashairi, orodha za vijiji. Kilichosalia, kwa sehemu kubwa, kilisalia kwa sababu watu wa kujitolea walikimbizana kunakili kabla ya siku ya mwisho.

Sisemi kwamba zana za kupangisha ni mbaya. Wix inafanya kazi yake. Ukitaka tovuti ya harusi, ya maonyesho ya wiki moja, ya duka unalolijaribu, unaingia, unaburuta vitu kwa kidole, jioni umemaliza. Lakini ujue umepanga. Tovuti ya Wix haihamishiki nzima nzima kwenda kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. Ukiondoka unajenga upya, unanakili maandishi ukurasa kwa ukurasa. Hapa Ngamiani kila mtu anajua tofauti ya nyumba ya kupanga na nyumba yako. Hakuna anayepaka rangi nyumba ya kupanga kana kwamba wajukuu wake watazaliwa humo. Kwa nini basi chama chenye miaka 30 kiweke kumbukumbu zake zote katika chumba cha kupanga?

Haya. Maana ya pili ya ufunguo, na hapa nina kosa langu la kusimulia.

Miaka ya mwanzo nilijengea tovuti chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima. Nilichagua Drupal. Nilikuwa nimeisoma usiku na mchana, nikaipenda, na bado naiheshimu. Kwa kazi kubwa yenye aina nyingi za taarifa, wahariri wengi, ruhusa za ngazi mbalimbali na lugha zaidi ya moja, ni mfumo imara sana. Nikaijenga ile tovuti kwa ustadi wangu wote. Siku ya kuikabidhi walipiga makofi. Nikarudi nyumbani nina furaha.

Miezi mitatu baadaye nikapita ofisini kwao kusalimia. Tangazo la mkutano mkuu limebandikwa kwenye mbao ya nje, karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kwenye tovuti? Hakuna kitu. Tangazo la mwisho ni lile nililoliandika mimi siku ya makabidhiano. Nikamwuliza katibu, mama mmoja mtu mzima, hodari, ambaye daftari lake la mihtasari halina hata neno lililofutwa: Mama, mbona hujaliweka kule? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile si ni ya kwako? Nikitaka kuandika lazima nikupigie, na wewe una kazi zako."

*Ile si ni ya kwako.* Nilikuwa nimelipwa fedha za wakulima kujenga kitu ambacho katibu wao anakiona ni mali yangu. Yule mama hakushindwa. Niliyeshindwa ni mimi, maana nilichagua zana kwa kuangalia uwezo wangu, nikamsahau atakayebaki nayo.

Tangu siku ile nina jaribio moja ambalo siliruki, na nawaomba wadogo zangu mafundi mlichukue leo. Kabla hujaanza kusanifu chochote, kabla ya rangi, kabla ya nembo, weka mfumo mtupu mahali pa majaribio. Mtafute mtu atakayeandika humo. Simaanishi mkurugenzi aliyesaini mkataba. Namaanisha yule atakayeandika kweli. Mpe simu, kwa sababu kompyuta huenda hana. Mwambie: weka tangazo hili, na picha hii, kisha kesho ubadilishe tarehe. Wewe nyamaza. Usimwelekeze kidole. Hesabu mara alizokwama.

Akikwama kila hatua, badilisha mfumo. Usimbadilishe katibu.

Mara nyingi, kwa kikundi cha ukubwa wa kawaida huku kwetu, jaribio hilo linaangukia WordPress. Si kwamba inashinda nyingine kwa kila kitu. Ukurasa wake wa kuandikia unafanana na vitu ambavyo watu wameshavizoea, na mafundi wanaoijua ni wengi, hivyo nikifa kesho chama hakitaachwa na ukiwa. Joomla leo iko chini ya asilimia 3 ya tovuti za dunia. Jina ni letu na naipenda kwa hilo, lakini nikiulizwa na mtu wa Korogwe au Pangani, lazima nijiulize atampata nani wa kumsaidia karibu naye.

Lakini kuna wakati jibu sahihi ni kwamba huhitaji mfumo wowote. Kuna zahanati moja iliyoniomba "tovuti yenye kila kitu". Tulikaa tukaandika wanachotaka watu wakijue: saa za kufungua, huduma zilizopo, bima zinazopokelewa, namba ya simu, ramani. Hayo yanabadilika mara ngapi kwa mwaka? Mara mbili. Kwa mara mbili, unaweka hifadhidata ya nini? Unaweka mlango wa kuingilia wa nini? Niliwaandikia kurasa nne za HTML tupu, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za mtandao. Hazina nywila ya kuibiwa, maana hazina pa kuingilia. Na kama mtu anadhani HTML tupu ni kitu cha kizamani kinachokufa, afungue ukurasa wa kwanza kabisa wa Tim Berners-Lee, mbunifu wa mtandao wa tovuti. CERN, kituo cha utafiti alikofanyia kazi, waliurudisha kwenye anwani yake ya mwanzo mwaka 2013, kwa nakala ya mwaka 1992. Unafunguka kwenye simu yako sasa hivi, na unasomeka. Ni kitu gani kingine cha kompyuta cha mwaka 1992 unaweza kukifungua leo bila kumwita fundi?

Nasonga mbele. Plagini, zile programu ndogo za kuuongezea mfumo kazi.

Nimeombwa kuikagua tovuti ya nyumba moja ya wageni huko Lushoto. Wenyewe walilalamika kwamba watalii wanasema ukitafuta jina lao Google, yanatokea matangazo ya kamari na ya dawa za nguvu za kiume. Mzee mwenye nyumba aliona aibu hata kunieleza. Alimtuma binti yake. Nikaingia ndani. Plagini 43. Arobaini na tatu! Tatu zote za kazi moja, ya kuonyesha picha zinazopita. Nyingine waandishi wake walikwisha kuziacha zamani. Na templeti yenyewe, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, ilikuwa ile ya kulipiwa ambayo fundi aliipakua bure kutoka kwenye mtandao wa wizi, ikiwa imeshatiwa mdudu ndani yake tayari.

Mafundi, naomba niseme nanyi kwa uchungu. Unapomwekea mtu templeti ya kuibwa, umemjengea nyumba ukamwachia mwizi chumba cha uani. Mteja amekulipa. Akiba yake hiyo, machungwa yake hayo ya Muheza, iliki yake hiyo ya Amani. Templeti halali za bure zipo kwenye hazina rasmi ya WordPress, maelfu kwa maelfu. Kuna haja gani ya kuiba?

Kila plagini ni mgeni uliyemruhusu kulala ndani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa siku ya tatu asiyeshika jembe, msindikize. Kabla ya kuweka plagini mwulizeni aliyeiandika maswali machache: mara ya mwisho umeigusa lini? Wanaolalamika unawajibu? Kazi hii siwezi kuifanya bila wewe?

Na ukishawakaribisha, lazima uwatazame. Tarehe 15 Oktoba 2014 watu wa Drupal walitangaza kwamba kuna tundu baya la usalama katika Drupal 7, wakatoa dawa yake palepale. Wahalifu nao walisoma tangazo lilelile. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ya Drupal ilisema maneno mazito: tovuti yoyote ambayo haikuwekewa dawa ndani ya masaa 7 baada ya tangazo, mwenyewe aihesabu kuwa imeshaingiliwa. Kwa saa zetu za huku, masaa hayo 7 yalianza saa 1 usiku yakaishia saa 8 usiku.

Saa 8 usiku! Nani kati yetu alikuwa macho?

Sisemi haya ili mwikimbie Drupal. Walikuwa wakweli, wakasema hadharani, na nawapongeza kwa ukweli wao. Nasema ili mjue kwamba kuchagua mfumo ni kuchagua pia nani ataamka. Ndiyo maana napenda uamuzi wa WordPress wa Oktoba 2013, katika toleo la 3.7, wa kuruhusu marekebisho madogo ya usalama yajiweke yenyewe. Kikundi kisicho na fundi wa kudumu kinahitaji mfumo unaoamka wenyewe. Na kama fundi wako amekizima kitu hicho kwa sababu "kinaharibu muundo", mwambie akiwashe leo, na muundo wake akaujenge vizuri.

Uzito nitaupitia upesi, maana mnaujua kwa mifuko yenu. Picha ya simu ya siku hizi hufika MB 4 bila taabu. Ukiweka 8 ukurasa wa mbele bila kuzipunguza, hizo ni MB 32, na mgeni wako bado hajasoma hata jina la hoteli. Bando lake hilo! Mei 2024 nyaya za intaneti za Seacom na EASSy zilipokatika baharini, sote tuliona: kurasa nyepesi zilikuja polepole lakini zilikuja, na nzito zilibaki zinazunguka tu. Zana za kuburuta na kudondosha kama Elementor zinampa fundi uhuru mkubwa wa kupamba, na kila pambo lina uzito. Jaribuni tovuti zenu kwa simu ya bei nafuu, mkiwa mbali na mnara. Nyumba njema si mlango, lakini mlango usiofunguka nyumba yake hakuna atakayeiona.

Sasa nifike kwenye hati ya kiwanja, na hili ndilo lililonifanya niache shughuli zangu leo nije.

Kuna kikundi cha akina mama watengeneza sabuni na mafuta ya nazi. Walijengewa tovuti na kijana mwema, mchapakazi, hata mimi namfahamu. Alifanya kila kitu sawa. Akasajili domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, kwa barua pepe yake, kwa sababu akina mama hawakuwa na ya kikundi, na yeye alikuwa na haraka. Kisha akapata kazi Muscat, akaenda. Namba yake ya huku ikafa. Barua za kukumbushia malipo ya mwaka zikawa zinakwenda kwenye sanduku ambalo halifungui tena. Mwaka ukaisha. Domeini ikaanguka, akaiokota mtu mwingine, na jina ambalo akina mama walikuwa wameshalichapisha kwenye lebo za kila chupa likawa linampeleka mteja kwa mtu wasiyemjua.

Walikata lebo kwa mkasi, moja moja. Nilikaa nao sakafuni nikikata pia.

Kijana hakuwa mwizi. Hakuna aliyekuwa mwizi. Hakuna aliyeuliza tu: ufunguo anao nani?

Kwa hiyo, hata kabla ya kubishana WordPress au Joomla, hakikisheni mambo haya yamo mikononi mwenu. Domeini isajiliwe kwa jina la chama na kwa barua pepe ya chama, si ya fundi, si ya mtoto wa mwenyekiti. Akaunti ya seva vivyo hivyo. Kwenye mfumo, awepo msimamizi mmoja ambaye ni wenu, na fundi apewe akaunti yake mwenyewe ambayo mnaweza kuifunga akimaliza. Nywila ziandikwe, zitiwe bahasha, ziwekwe kwenye kasiki pamoja na katiba ya chama.

Na nakala ya akiba, ile wanayoiita bakapu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea kwa moto huko Strasbourg, Ufaransa. Moto wa kweli, si virusi. Kuna wateja waliokuwa wanalipia bakapu kila mwezi, kumbe bakapu zao zilikuwa humo humo ndani ya jengo lililoungua. Kama Ulaya yenyewe yanatokea hayo, wewe nakala yako iko wapi? Iwe na mtu wenu, kwenye diski, mbali na seva. Na mara moja kwa mwaka mwambieni fundi airudishe mkione inafunguka, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hamjui kama ipo.

Mwalimu kule nyuma umenyoosha mkono, nakuja kwako. Lakini kwanza kila mwenye tovuti hapa atoe simu yake. Ndiyo, sasa hivi. Tafuta jina la domeini yako kwenye whois, daftari la mtandaoni la usajili wa domeini, uone imesajiliwa kwa nani. Kama halionekani, hiyo hapo namba ya msajili kwenye risiti yako. Mpigie, muulize imeandikwa kwa jina gani na barua pepe ipi. Mafundi, sogeeni mkae karibu nao muwasaidie. Mama Mwenyekiti, tuanze na yako.